Mwalo na Ng'ambo: Safari za Kuzuru Ndugu katika Ziwa Tanganyika

Katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Kasanga karibu na Zambia, neno "safari" lina maana ya kupanda chombo cha majini, na mtu anayesema kuwa anasafiri kesho haulizwi atapita njia gani, bali huulizwa atashuka mwalo gani. Mwalo ni ufuko ambako boti hutua, samaki huanikwa, mizigo hupakiwa na habari hupokewa. Lakini kwa wakazi wa mwambao huo ni zaidi ya bandari ndogo, kwa kuwa kila mwalo una majina ya watu yanayoambatana nao, na mtu mzima aliyezaliwa huko anaweza kuihesabu mialo kutoka kaskazini hadi kusini huku akitaja shangazi aliyeolewa hapa, mjomba aliyehamia pale, na mtani wa marehemu babu yake kule mbele. Mazungumzo haya yanahusu safari hizo za kuzuru jamaa na marafiki kwa boti, na hoja yake ni kwamba safari hizo, ambazo mara nyingi huandikwa pembeni ya habari za biashara na uvuvi, ndizo zilizoushona mwambao huo ukawa nchi moja ya watu wanaofahamiana, ingawa ramani za utawala zinauonyesha kama ukingo wa wilaya nyingi zilizogeukia bara.

Sababu ya kwanza imo katika umbo la ziwa lenyewe. Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa kwa urefu wa kilomita 670 hivi, huku upana wake mahali pengi ukiwa chini ya kilomita 60, na kina chake kikifikia takriban mita 1,470, kwa hiyo katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kina. Kuta za bonde hilo hushuka majini kwa ukali kiasi kwamba, katika sehemu nyingi, baina ya mguu wa mlima na maji hakuna uwanda unaotosha barabara, na vijiji vimebanwa kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa na vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, huinuka karibu na ufuko, na anayetaka kutoka upande wake wa kaskazini kwenda upande wa kusini kwa miguu ana kazi ya siku kadhaa, ilhali boti huizunguka milima hiyo kwa saa chache. Hifadhi ya Taifa ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, haina barabara ndani yake hata leo, na watalii wanaokwenda kuwaona sokwe hufika kwa maji. Wao huiona safari hiyo kuwa sehemu ya starehe waliyoilipia, na ni sawa, lakini mawimbi yaleyale hubeba mama aliyefunga khanga mbili na mtoto mgongoni, ambaye hajafikiria hata kidogo kuwa anafanya jambo la kupendeza.

Vyombo vinavyotumika si vya aina moja. Mtumbwi wa makasia hutosha kwa mtu anayevuka kutoka kijiji kimoja hadi cha jirani, hasa alfajiri maji yakiwa yametulia. Safari ndefu hufanywa kwa boti za mbao zenye injini ya kupachika nyuma, ambazo zina mbavu nene na ubavu mrefu, na ambazo abiria wake hukaa juu ya magunia, madumu na mabegi kwa kuwa mzigo na mtu havitenganishwi. Boti za kwenda kaskazini, kuelekea Gombe, Mwamgongo na Kagunga, huondokea Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma. Nyingi za kwenda kusini huondokea Ujiji wakati wa jioni na kusafiri usiku. Wakati huo haukuchaguliwa ovyo. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi hupanda kwa nguvu na kuvuma kwa urefu wa ziwa, ukiyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini na kuyaacha maji baridi ya chini yapande huku kusini. Wataalamu wa uvuvi huufurahia mzunguko huo kwa sababu huleta juu virutubisho ambavyo hatimaye hulisha dagaa, lakini nahodha mwenye abiria huutazama kwa jicho jingine, naye huambaa na ufuko, akijua kila ghuba anamoweza kujificha iwapo mawimbi yatakataa kupitika.

Chombo kilichoacha alama kubwa zaidi katika desturi ya kutembeleana ni meli ya Liemba. Historia yake inafahamika: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma, ambako iliundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la gavana wa Kijerumani, von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hilo kwa watu wa kusini yake. Waandishi wengi wa nje huvutiwa na kisa cha vita na hukomea hapo. Kwa wakazi wa mwambao, mambo muhimu ya meli hiyo yalianza baada ya vita, pale ilipopewa ratiba.

Kwa miaka mingi ratiba hiyo ilikuwa ya kila wiki mbili: meli iliondoka Kigoma Jumatano mchana, ikafika Mpulungu nchini Zambia Ijumaa, ikageuza na kurudi Kigoma Jumapili. Ratiba hiyo ilitawala ukarimu kuliko wenyeji walivyokubali kusema. Mgeni aliyeshuka Kipili au Wampembe meli ikielekea kusini alikuwa na chaguo la kurudi nayo baada ya siku moja au mbili, au kuingoja izunguke tena, na kungoja huko kulikuwa na maana ya kukaa nusu mwezi nyumbani kwa watu. Methali ya Kiswahili inayosema kuwa mgeni ni siku mbili na ya tatu apewe jembe hufasiriwa kwingineko kama kejeli kwa mgeni asiyeaga, lakini katika mwambao huu ilikuwa karibu na maelezo ya ratiba ya meli. Aliyepitwa na Liemba alishika jembe kweli, au alishika kasia, au aliketi na wanawake kumenya muhogo, na kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa amegeuka mtu wa nyumbani ambaye watoto humwita kwa jina la undugu alilostahili. Ndoa kadhaa za mwambao, kama wazee wanavyopenda kutania, ziliposwa na meli.

Kushuka kwenyewe kulikuwa tukio. Mialo mingi haina gati, yaani jukwaa la kuegeshea meli, kwa hiyo Liemba ilisimama kwenye kina, ikapiga honi, na mara ile mitumbwi na boti za kijiji zikatoka mbio kuikimbilia, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza kushika ubavu. Mlango wa chini ulifunguliwa, na katika giza, kwa mwanga wa taa za meli, watu walipanda na kushuka kwa wakati mmoja, wazee wakishikwa mikono, watoto wakirushwa kama vifurushi kutoka mikono hadi mikono, magunia ya dagaa na mikungu ya ndizi yakipishana na magodoro, huku majina yakiitwa kwa sauti kubwa ili kila mgeni ajue mtumbwi upi umetumwa kumchukua. Mgeni asiyeitwa na yeyote alikuwa na shida. Lakini hata yeye hakukaa majini kwa muda mrefu, kwa kuwa kulikuwa daima na mtu wa kumuuliza ukoo wake, na baada ya maswali mawili au matatu undugu fulani ulipatikana. Katika miaka ya karibuni meli hiyo imesimama kwa ajili ya matengenezo, na boti za mbao zimeubeba peke yake mzigo huo wote.

Ukoo uliotawanyika hivyo hautokani na mapenzi ya kuhamahama. Karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na waliokaa hapo walitoka pande nyingi: Waha wenyeji, Waswahili na Waarabu wa pwani, na watu waliovuka kutoka magharibi, wengine wakiwa wafanyabiashara na wengine watumwa, ambao vizazi vyao leo hujulikana kwa jina la Wamanyema. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, jambo la kwanza walilofanya pamoja lilikuwa kupanda mtumbwi na kufuata mwambao hadi ncha ya kaskazini, ambako waligundua kuwa mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Lakini walipita katika njia iliyokwisha kuzoewa, kwa msaada wa wapiga makasia walioujua kila mwalo. Mahali pa makutano yao sasa pako mbali na maji, kwa sababu ziwa, ambalo hutoa maji yake kwa mto Lukuga upande wa magharibi, lilishuka sana baada ya mto huo kufumua kizuizi cha matope na mimea mnamo miaka ya 1870. Wageni huonyeshwa mnara na miembe, nao hushangaa ziwa liko wapi.

Kisha ikaja mipaka. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia zinaligawana ziwa hilo, na mistari ya kuzitenganisha imepita katikati ya maji ambayo Wabembe, Waholoholo, Walungu na wengine walikuwa wakiyavuka kama mtu avukavyo ua wa jirani. Ndipo neno "ng'ambo", ambalo katika Kiswahili cha kawaida lina maana ya upande wa pili wa maji, likapata katika Kigoma maana mahususi ya Kongo: mke wa ng'ambo, vitenge vya ng'ambo, mganga wa ng'ambo. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi huficha milima ya upande ule, lakini mvua zikianza hewa husafishika na ng'ambo huonekana wazi, na ni vigumu kumshawishi mtu anayeiona milima ya kwa mjomba wake kuwa anahitaji hati ya kusafiria ili akamjulie hali. Katika boti za kuvuka, Kiswahili hufanya kazi ya lugha ya nyumbani kwa pande zote mbili, ingawa kile cha ng'ambo kina namna yake, na Mkongo huweza kuongea Kiswahili safari nzima kisha, ikifika nauli, akahesabu kwa Kifaransa.

Uhamishaji mwingine ulifanywa na serikali. Katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, Watongwe waliokuwa wakiishi kwa makundi madogo katika milima na misitu ya Mahale na maeneo ya jirani walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vikubwa, vingi vikiwa kando ya ziwa, na kwa njia hiyo koo zilizokuwa zimekaa karibu ziligawanywa katika mialo tofauti. Matokeo yake hayakutazamiwa na wapangaji: hitaji la kusafiri liliongezeka, kwa kuwa kaka aliyekuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu sasa alikuwa mwendo wa usiku mmoja kwa boti. Mwanahistoria angeweza kuandika kitabu kizima juu ya jambo hilo moja.

Na lipo jambo la wakimbizi, ambalo haliwezi kupitwa kimya. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 viliwaleta Wabembe wengi na wengineo kuvuka ziwa kwa boti zilizojaa kupita kiasi, na wengi waliishia kambini, kama Nyarugusu wilayani Kasulu, lakini baadhi walianza kwa kugonga mlango wa jamaa aliyekuwa mwambao tangu zamani. Mwaka 2015, wakati wa machafuko ya Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji, kipindupindu kikazuka, na Liemba ikatumwa kuwachukua na kuwapeleka Kigoma, mamia kwa safari moja. Meli iliyokuwa ikipeleka wageni harusini ikawa ya uokoaji, na wenyeji wa Kagunga, ambao visima na vyoo vyao vilikuwa vya kijiji cha kawaida, walikuwa wamekwisha kuwapokea watu wengi kuliko idadi yao wenyewe.

Sababu za kusafiri katika siku za amani ni zilezile za Waswahili kokote: harusi, uzazi, ugonjwa, msiba, arobaini. Upande wa kaskazini, Ujiji huvuta watu kwa Idi na Maulidi. Upande wa kusini, ambako wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, watu husafiri kwa Krismasi, Pasaka na upadirisho, yaani ibada ya kumpa mtu daraja la upadri. Msiba ndio wenye nguvu kuliko yote. Katika enzi za kabla ya simu za mkononi, Redio Tanzania ilisoma matangazo ya vifo kwa saa maalumu, na mwambaoni, redio moja katika mwalo mzima ilitosha, kwani jina la marehemu likishatajwa, boti ilitafutwa usiku uleule na mafuta yakachangwa. Leo simu hufikisha habari kwa dakika, isipokuwa mahali ambapo milima huukata mtandao, lakini haimfikishi mtu, na kwa wazee wa mwambao rambirambi ya kutumwa kwa simu bado ni nusu ya rambirambi.

Mwezi nao una kauli yake. Uvuvi wa dagaa na migebuka hufanywa usiku kwa taa, ambazo mwanga wake huwavuta samaki juu, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazina maana, na wavuvi hulala nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Hizo ndizo siku za kushona nyavu na kuziba nyufa za boti, na ndizo siku ambazo vyombo na wanaume hupatikana kwa matembezi. Mwenye akili humpangia binti yake harusi wakati huo. Mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei ili samaki wazaliane, wakazi walipata mbalamwezi ya miezi mitatu, ingawa bila fedha ya kuitumia.

Hatari za safari hizo zinajulikana na hazipaswi kupambwa. Boti hujazwa kupita uwezo wake, jaketi okozi, yaani vizibao vya kuelea majini, hukosekana au hufungiwa mbele yasikofikika, na uamuzi wa kuondoka katika upepo mbaya hufanywa mara nyingi kwa shinikizo la abiria wenyewe, ambao wana maiti inayongoja kuzikwa au harusi inayoanza kesho. Taratibu za ukaguzi zipo, lakini mkaguzi yuko mjini na mialo ni mingi. Lililo dhaifu zaidi katika mfumo huu ni lilelile linaloupa nguvu: nahodha ni ndugu wa nusu ya abiria, na si rahisi kumwambia shangazi yako kwamba boti imejaa.

Barabara sasa inaufikia mwambao. Njia ya vumbi kutoka Simbo kupitia Ilagala imesogea kusini hadi Kalya, na pikipiki zimefuata nyuma yake. Hakuna mwenye haki ya kuisikitikia, kwa kuwa mama mjamzito aliyezidiwa usiku wa mawimbi anaihitaji kuliko mwandishi anavyohitaji mandhari. Hata hivyo barabara na boti haziunganishi vitu vilevile. Barabara hukitoa kila kijiji kwa mgongo wake na kukipeleka wilayani, kwenye hospitali, soko na ofisi. Boti hukipeleka kijiji kwa kijiji kingine, uso kwa uso, ikigusa mialo yote iliyo katikati, kiasi kwamba msafiri wa Ujiji anayekwenda Sibwesa hupokea na kutoa salamu katika sehemu kumi kabla ya kufika, na hubeba vifurushi vya watu asiowajua vyema. Kwenye pikipiki hakuna nafasi ya vifurushi hivyo.

Vifurushi hivyo vina kanuni zake. Dumu la mawese likitumwa kutoka kaskazini, hukabidhiwa nahodha likiwa limeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na anayelipokea hatarajiwi kulirudisha lile lile mara moja, lakini hatarajiwi pia kulirudisha tupu. Hukaa nyuma ya mlango, likioshwa na kukaushwa, mpaka boti ya kaskazini ipite tena, ndipo hutiwa maharage au dagaa waliokaushwa, na jina la zamani hufutwa kwa mkaa na kuandikwa jipya.